Kutoka Yuniti 8 hadi Yuniti 58

Katika wiki chache za kwanza baada ya mtoto kugunduliwa kuwa na kisukari cha aina ya kwanza, mara nyingi dozi yake ya insulini hushuka. Alilazwa akiwa amekaukiwa maji, anahema kwa nguvu, damu imejaa asidi, akahitaji yuniti moja kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, pengine zaidi. Mwezi mmoja baadaye dozi ileile inamwangusha: saa nne asubuhi anatetemeka na kutoka jasho, mashine inasoma chini ya milimoli 4 kwa lita. Daktari anapunguza. Wiki mbili zikipita anapunguza tena. Kufikia mwezi wa tatu mtoto wa kilo 28 anaweza kuwa anachoma yuniti 8 tu kwa siku, na sukari yake haitofautiani sana na ya mtoto asiye na ugonjwa.

Wataalamu hukiita kipindi hicho fungate. Kinastahili kuchunguzwa kwa makini kuliko inavyofanyika, kwa sababu mambo mengi yanayoamua uhai wa mtoto huyo hupangwa ndani yake: dozi inayoandikwa kwenye kadi, idadi ya chupa anazopangiwa, mafunzo anayopewa mzazi, hata imani ya familia juu ya ukubwa wa tatizo. Yote hayo hupangwa wakati ugonjwa unaonekana mdogo kuliko ulivyo.

Dozi hushuka kwa sababu mbili zinazokwenda pamoja. Ya kwanza iko ndani ya kongosho. Seli beta, zile zinazotengeneza insulini katika visiwa vya Langerhans, hazijafa zote siku mtoto anapofikishwa hospitali. Baadhi ziko hai lakini zimelemewa. Sukari iliyokaa juu kwa wiki nyingi huzilazimisha kufanya kazi bila kupumzika hadi akiba yake ya insulini inakwisha na uwezo wake wa kuitikia sukari unapotea. Insulini ya sindano inapoishusha sukari, seli hizo hupumzika, hujaza akiba, na kuanza tena kazi. Sababu ya pili iko nje ya kongosho. Wakati wa asidi ya ketoni, yaani damu inapojaa asidi kwa kukosa insulini, mwili hufurika kotisoli, adrenalini na asidi za mafuta, na vyote hivyo huifanya misuli na ini visiitikie insulini. Mtoto akirudishiwa maji na kuanza kula, ukinzani huo huondoka. Yuniti chache zinatosha kwa kazi iliyohitaji nyingi.

Nafuu hii haiwafikii watoto wote kwa kiwango kimoja. Walio chini ya miaka 5, na wale waliofika hospitali wakiwa tayari wana asidi kali, hupata fungate fupi au hawaipati kabisa, kwa kuwa seli walizobakiwa nazo ni chache. Jambo hilo lina uzito wake Afrika Mashariki, ambako mtoto huweza kutibiwa malaria, nimonia au maambukizi ya mkojo kwanza, kwa sababu kutapika, kuhema na kulegea ni dalili za magonjwa mengi, na hakuna aliyetoboa kidole chake kupima sukari. Kwa wanaoipata, kigezo cha kawaida ni dozi iliyo chini ya nusu yuniti kwa kilo kwa siku huku HbA1c, kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu, ikiwa chini ya asilimia 7. Hudumu miezi michache, wakati mwingine mwaka, mara chache zaidi ya hapo. Wanaofikia kuacha kabisa insulini na sukari ikabaki sawa ni wachache mno, na kwao pia hali hiyo hupita.

Hatari ya kwanza inaanzia hapa. Chochote kilichoanzishwa katika wiki hizo za nafuu hupewa sifa ya nafuu yenyewe. Ikiwa mtoto alianza kunywa mizizi ya mganga, akaombewa, au alibadilishiwa chakula wakati dozi yake ilipokuwa inashuka, familia inaona kwa macho yake kwamba sindano zinapungua na mtoto ananawiri. Ushahidi wao si wa kubuni. Tarehe zinalingana kabisa. Kinachokosekana ni mtu wa kuwaeleza, kabla nafuu haijaja, kwamba itakuja na kwamba itaondoka. Asiyeelezwa hayo mapema huacha insulini kwa hoja inayoonekana timamu. Mwili usiopata insulini kutoka upande wowote unaweza kuingia kwenye asidi ya ketoni ndani ya siku chache, wakati mwingine ndani ya siku moja.

Katika miezi yote hiyo, uharibifu haujasimama. Seli za kinga, hasa seli T za kundi la CD8, huendelea kuzishambulia seli beta wakati dozi iko chini kama zilivyozishambulia kabla ya dalili ya kwanza. Mtafiti George Eisenbarth alilipanga hili mwaka 1986 katika kielelezo ambacho bado kinatumika: mtu huzaliwa na mwelekeo wa kurithi, jambo fulani la mazingira huichochea kinga, kisha wingi wa seli beta huteremka kwa miaka kabla sukari haijapanda. Tangu mwaka 2015 mteremko huo umegawanywa katika hatua tatu. Katika ya kwanza damu ina kingamwili mbili au zaidi dhidi ya kongosho lakini sukari ni ya kawaida. Katika ya pili sukari imeanza kuyumba. Ya tatu ndiyo ile ambayo mzazi humwona mtoto anakojoa kitandani na kukonda. Watoto waliofuatiliwa Ulaya na Marekani wakiwa na kingamwili mbili au zaidi, takriban 70 kati ya 100 walifikia kisukari kamili ndani ya miaka 10. Ugonjwa unaotangazwa kuwa mpya siku ya kulazwa ni wa zamani, na fungate ni sehemu tu ya mteremko uleule.

Vitabu vingi husema kwamba siku ya utambuzi seli beta zilizokufa ni asilimia 80 hadi 90. Kauli hiyo haifai kupokelewa hivihivi. Kongosho za watu waliofariki muda mfupi baada ya kugunduliwa zilipochunguzwa, tofauti kubwa ya umri ilijitokeza: kwa waliogunduliwa wakiwa chini ya miaka 7, visiwa vyenye insulini vilikuwa vichache sana, na kwa waliogunduliwa wakiwa na miaka 13 au zaidi, sehemu kubwa zaidi ya visiwa ilikuwa bado nayo. Kwa hiyo kijana wa sekondari hulazwa akiwa na kitu cha kupoteza. Namna anavyotibiwa katika mwaka wa kwanza inagusa kiasi atakachobakiwa nacho na muda kitakaodumu. Kumwacha na sukari ya 15 kwa miezi kwa hoja kwamba seli zimekwisha kufa ni kuzitesa zilizo hai.

Kinachobaki hupimwa kwa C-peptidi. Kila molekuli ya insulini inayotengenezwa na mwili hukatwa kutoka kwenye molekuli kubwa zaidi, na kipande kinachobaki baada ya kukatwa ni C-peptidi. Hicho ni kama risiti: insulini ya chupa haina kipande hicho, kwa hiyo kinachoonekana kwenye damu kimetoka kwenye kongosho ya mgonjwa mwenyewe. Wagonjwa waliofuatiliwa kwa miaka mingi wanaonyesha kwamba C-peptidi huporomoka kwa kasi katika miaka ya mwanzo, huendelea kushuka hadi karibu mwaka wa saba, kisha hutulia katika kiwango cha chini sana. Huko Boston, kituo cha kisukari cha Joslin kimewakuta watu walioishi na ugonjwa miaka 50 na zaidi ambao bado wana chembe ya insulini yao wenyewe.

Chembe hiyo ina thamani. Utafiti mkubwa wa DCCT, uliofanyika Marekani na Kanada kati ya 1983 na 1993 kwa wagonjwa 1,441, ulionyesha kwamba udhibiti mkali wa sukari ulipunguza hatari ya kuanza kuharibika kwa retina kwa asilimia 76. Gharama yake ilikuwa sukari kushuka kupita kiasi, kiasi cha mara tatu zaidi ya waliotibiwa kwa kawaida. Lakini waliobaki na C-peptidi ya kuanzia nanomoli 0.2 kwa lita walipata faida ile kubwa na miporomoko ya sukari michache zaidi. Insulini ya mwili hupungua yenyewe sukari inaposhuka. Ya sindano ikishaingia haina wa kuizuia.

Hasara nyingine huenda sambamba na hiyo, na haizungumzwi vya kutosha kliniki. Mwenye afya akishukiwa na sukari, seli alfa, jirani wa seli beta katika kisiwa kilekile, hutoa glukagoni, na ini humwaga sukari iliyohifadhiwa. Seli alfa hazishambuliwi. Hata hivyo ndani ya takriban miaka 5 tangu utambuzi, wagonjwa wengi hawatoi tena glukagoni ya maana sukari inaposhuka, kwa sababu ishara iliyokuwa ikiziamsha, yaani kupungua kwa insulini iliyo jirani, haipo tena. Matokeo yake ni kwamba katika miaka ileile dozi inapopaswa kuongezwa, kinga ya asili dhidi ya dozi iliyozidi inakuwa imeondoka. Mwaka wa kwanza mtoto aliyechomwa zaidi alitetemeka, akala, akapona. Mwaka wa sita kosa la ukubwa uleule linaweza kumkuta usingizini akapoteza fahamu.

Mwisho wa fungate hauna siku. Sukari ya asubuhi iliyokuwa 6 inakuwa 8, halafu 11. Figo zinaanza kumwaga sukari kwenye mkojo inapozidi kama 10, na mtoto anaanza tena kuamka usiku kwenda chooni. Kwa aliyekuwa sawa kwa miezi minane, tafsiri ya kwanza ni makosa ya mtu: amekula pipi shuleni, amebugia chai ya sukari kwa bibi, amedanganya. Ugomvi wa chakula huanza ndani ya nyumba. Kliniki, muuguzi anaona kadi yenye dozi ileile na namba mbaya, naye pia anauliza amekula nini. Inawezekana amekula. Lakini namba hizo zingepanda hata kama angekula kama alivyoagizwa, kwa kuwa seli zilizokuwa zikibeba nusu ya kazi zimekufa, na yuniti 8 zilikuwa zimepangwa kwa ajili ya nusu ile nyingine.

Upo ukokotoaji unaoweza kufanywa kwa kalamu na karatasi. Watafiti wa kundi la Hvidøre waliuchapisha mwaka 2009: chukua HbA1c, ongeza mara nne ya dozi ya siku kwa kilo. Jumla ikiwa 9 au pungufu, mtoto bado yuko kwenye fungate. Ikivuka 9, kongosho imeshuka chini ya kiwango cha kumsaidia kwa maana. Mtoto mwenye HbA1c ya 7.4 na dozi ya 0.3 anapata 8.6. Miezi sita baadaye, akiwa na HbA1c ya 8.2 na dozi ya 0.5, anapata 10.2. Kinachohitajika ni mizani, kadi iliyojazwa vizuri, na kipimo cha HbA1c, ambacho siku hizi kina mashine ndogo za mezani. Hospitali ya wilaya isiyo na C-peptidi inaweza kuona mteremko huo kabla mtoto hajarudi na asidi. Kikwazo kikubwa ni kwamba kwenye kadi nyingi uzito wa mtoto haurudiwi kuandikwa, na bila uzito dozi ni namba tupu.

Uzito ndio unaofanya sehemu inayofuata kuwa nzito. Baada ya fungate, mtoto ambaye hajabalehe huhitaji kwa kawaida kati ya yuniti 0.7 na 1 kwa kilo kwa siku. Katika balehe hitaji hupita yuniti 1, na wengine hufikia 2. Homoni ya ukuaji, inayotolewa kwa wingi usiku, hupunguza mwitikio wa mwili kwa insulini kwa takriban theluthi moja, na ndiyo maana sukari ya kijana hupanda alfajiri kabla hajaonja kitu. Tumrudie yule wa kilo 28 aliyechoma yuniti 8. Akiwa na miaka 14 na kilo 45, kwa dozi ya 1.3 kwa kilo, anahitaji takriban yuniti 58 kwa siku. Ni mara saba ya dozi ya miaka mitano iliyopita, na kila sehemu ya ongezeko hilo ni ya kawaida kabisa. Hajakosea popote.

Sasa zigeuzwe ziwe chupa. Chupa ya mililita 10 ina yuniti 1,000. Kwa yuniti 8 kwa siku, wiki nne humaliza 224. Chupa inapaswa kutupwa ikiwa na zaidi ya robo tatu, kwa sababu baada ya kufunguliwa haifai kuendelea muda mrefu. Familia nyingi haziitupi, na ni vigumu kuzilaumu. Kwa yuniti 58 kwa siku, chupa hiyohiyo inaisha siku ya 17. Mgao wa chupa moja kwa mwezi, uliokuwa wa kupitiliza wakati wa fungate, unamwacha kijana huyo bila insulini karibu nusu ya kila mwezi. Afanyacho kinajulikana na kila muuguzi wa kliniki ya kisukari: anapunguza dozi ili chupa ifike mwisho wa mwezi. Kadi inaonyesha yuniti 58. Mwili unapata 33. Daktari akiona HbA1c ya 12 anaongeza dozi kwenye kadi, na chupa inabaki ileile.

Usambazaji kwa idadi ya watoto badala ya yuniti zinazohitajika ni kosa la hesabu, na kosa hilo hukua kadiri watoto wanavyonusurika. Mpango unaoanza na watoto wa miaka 8 walio wengi kwenye fungate utaonekana kuwa na akiba ya kutosha. Miaka mitano baadaye watoto walewale, bila kuongezeka hata mmoja, wanaweza kuhitaji insulini mara kadhaa ya ile ya mwanzo, pamoja na sindano na vijiti vya kupimia zaidi. Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo ni miongoni mwa nchi zilizofaidika na mipango ya kuwapa watoto insulini bure iliyopanuka tangu mwaka 2009, na mipango hiyo imeokoa maisha. Wale iliowaokoa ndio wanaobalehe sasa, na wengine wanavuka umri wa kuhesabiwa watoto. Kijana anaondoka kwenye mgao wa bure wakati hitaji lake liko kileleni au karibu na kilele, hana kazi, na bima ya wazazi, kama ilikuwapo, inaelekea kumwacha.

Kumbukumbu za kutisha zipo, na ni za karibu. Watafiti Donald McLarty, Andrew Swai na wenzao waliwaandikisha Dar es Salaam wagonjwa wapya 1,250 wa kisukari kati ya 1981 na 1987. 272 walikuwa wa kuhitaji insulini. Katika kundi hilo waliofariki walikufa zaidi kwa asidi ya ketoni na maambukizi, vifo ambavyo insulini ya kutosha kwa wakati wake huvizuia. Miongo mitatu baadaye, makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022 yanasema kwamba mtoto wa miaka 10 aliyegunduliwa mwaka 2021 katika nchi tajiri alitarajiwa kuishi wastani wa miaka 65 zaidi. Katika nchi maskini, miaka 13. Ukilinganisha hiyo 13 na mteremko wa C-peptidi na umri wa balehe, unaona inapoangukia: mtoto anavuka fungate, anavuka balehe kwa shida, na anafia mwanzoni mwa utu uzima.

Kupanda kwa dozi, hata hivyo, si lazima kutokane na kongosho wala balehe. Yapo mambo mawili yanayoiga mteremko huo kiasi cha kumpotosha daktari makini. La kwanza liko chini ya ngozi. Mtoto anayechoma mahali pamoja kila siku, kwa sindano iliyotumika mara nyingi hadi ncha imepinda, huota uvimbe laini wa mafuta. Ukipitisha vidole tumboni au pajani unausikia, na wengi hupapenda hapo kwa sababu hapaumi. Insulini inayochomwa humo hufyonzwa polepole na bila mpangilio. Dozi inapandishwa ili kufidia. Siku mtoto anapochoma sehemu safi kwa dozi ileile iliyopandishwa, sukari inaporomoka. Kipimo cha tatizo hili ni mkono wa muuguzi, na hakigharimu chochote.

La pili ni joto. Insulini inatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 kabla ya kufunguliwa. Nyumba isiyo na jokofu huitunza kwenye mtungi wa udongo wenye maji au mchanga mbichi, na njia hiyo ina mantiki zaidi kuliko inavyodhaniwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva pamoja na Madaktari Wasio na Mipaka waliiga joto halisi la kambi ya Dadaab, kaskazini mashariki mwa Kenya, likipanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37, na mwaka 2021 wakaripoti kwamba insulini iliyokaa hivyo wiki nne haikupoteza nguvu kwa kiwango cha kujali. Matokeo hayo yana mipaka: ni wiki nne, na ni nyuzi 37. Chupa ya yule mtoto wa yuniti 8 inayotumika miezi mitatu, au iliyoachwa ndani ya gari juani, iko nje ya mipaka hiyo. Inadhoofika, dozi inapandishwa kuifidia, kisha chupa mpya yenye nguvu kamili inafunguliwa kwa dozi ya chupa iliyochoka.

Na kuna ugonjwa wa kawaida. Malaria au nimonia hupandisha kotisoli na adrenalini, na hitaji la insulini hupanda nazo hata kama mtoto hali kitu. Akili ya kawaida inasema kinyume: hajala, asichomwe. Wakati wa fungate kosa hilo huweza kupita bila madhara kwa sababu kongosho inaziba pengo, na mzazi anajifunza kwamba kuruka sindano siku ya homa ni salama. Anakuja kulitumia somo hilo mwaka wa tatu, pengo likiwa halina wa kuliziba.

Mikondo yote iliyotajwa hapa imechorwa zaidi kwa wagonjwa wa Ulaya na Marekani ya Kaskazini, na mwaka 2025 utafiti wa YODA ulitoa sababu nzito ya kutoihamisha bila kuikagua. Watafiti, wakiwamo Jean Claude Katte na Moffat Nyirenda, waliwapima vijana 894 wa Kameruni, Uganda na Afrika Kusini waliokuwa wametambuliwa kuwa na kisukari cha aina ya kwanza. Takriban asilimia 65 hawakuwa na kingamwili dhidi ya kongosho, na mwelekeo wao wa kurithi ulikuwa hafifu kuliko unavyotarajiwa. C-peptidi yao ilikuwa juu kidogo kuliko ya wenye kingamwili, lakini chini ya ile ya kisukari cha aina ya pili. Vijana hawa wanahitaji insulini, hilo halibadiliki. Linalotetereka ni dhana kwamba mteremko wao una kasi na sababu zilezile. Ikiwa seli zao hazishambuliwi na kinga, basi dawa za kuizuia kinga hazitawafaa, na fungate yao inaweza kuwa na urefu tofauti na ule unaofundishwa vyuoni.

Dawa hizo zipo. Mnamo Novemba 2022 Marekani iliidhinisha teplizumabu, inayotolewa kupitia mshipa siku 14 mfululizo kwa mtu aliye hatua ya pili, na ambayo katika jaribio la watu 76 iliahirisha kisukari kamili kwa takriban miaka miwili. Bei yake ilipotangazwa ilikuwa dola 193,900 kwa mzunguko mmoja. Ili kumpata wa kumpa, kwanza lazima watoto wapimwe kingamwili wakiwa bado wazima. Kwa kliniki inayokosa vijiti vya kupimia sukari, hiyo si njia iliyo wazi leo, na kuizungumzia kana kwamba iko karibu kunaondoa macho kwenye chupa ya pili ya mwezi.

Dozi hushuka mara moja nyingine, kwa wale wanaofika mbali. Mtu aliyeishi na ugonjwa miaka 15 au 20, ambaye kwa muda mrefu alichoma yuniti 50, anaanza kupata miporomoko. Anapunguza hadi 40, hadi 30. Kongosho haijarudi. Figo ndizo zinazoisafisha sehemu kubwa ya insulini ya sindano, kwa kuwa hiyo haipiti kwanza kwenye ini kama ile ya mwilini; zikichakaa, kila yuniti hukaa kwenye damu muda mrefu zaidi. Figo pia huchangia kutengeneza sukari mwili unapofunga, na mchango huo unapungua. Pamoja na hayo, kuharibika kwa figo huleta upungufu wa damu, chembe nyekundu huishi muda mfupi, na HbA1c husomeka chini kuliko hali halisi. Kadi inaonyesha maendeleo kwenye safu zote mbili, na ule ukokotoaji wa Hvidøre ungetoa jibu zuri kabisa. Vinavyotofautisha ni kreatinini ya damu na albumini ya mkojo, vipimo vya kufanywa kila mwaka kuanzia mwaka wa tano wa ugonjwa, na mapema zaidi kwa aliyebalehe nao. Mgonjwa wa namna hiyo akipongezwa na kuambiwa arudi baada ya miezi mitatu, dozi itaendelea kushuka, na safari yake inayofuata hospitalini inaweza kuwa ya kuanza kusafishwa damu.